Jina la Tano Ubaoni

Vijana wa idara ya Kiingereza walinizuia mlangoni siku niliyokwenda kuchukua kikombe changu cha chai ofisini baada ya kustaafu. "Madam, tuachie chochote. Hata kurasa mbili." Nikawaambia nimewaachia kabati zima la madaftari, na kufuli lake halijafunga tangu mvua za mwaka juzi, wafungue wajisomee. Hawakuridhika. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Kasulu, miwani puani, naandika. Madaraja na mishahara siyagusi. Anayetaka habari hizo aende kwa afisa utumishi, na akipata jibu anijulishe na mimi.

Nitaandika juu ya herufi kubwa. Chekeni tu. Nimefundisha mengi katika maisha yangu, lakini wino wangu mwekundu ulimalizikia hapo zaidi ya mahali pengine popote: nomino gani ya Kiingereza ianze na herufi kubwa, na ipi ikae chini itulie. Na kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini nililifanya katika somo hilohilo, mwaka wangu wa mwisho, wakati nikijiona nimeshaiva.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya msingi upande wa Busunzu, wilaya ya Kibondo. Mimi ni mtu wa Muyama. Nilifika na godoro, ndoo na sanduku la bati, vumbi jekundu limenijaa mpaka kwenye kope. Mwalimu aliyenipokea aliitwa Gervasi. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kikohozi cha kudumu na suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kulima shamba la shule. Hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza, "Andalio la somo liko wapi?"

Nikampa. Nilikuwa nimeliandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuoni, na kila neno nililoliona la maana nilikuwa nimelipa herufi kubwa: Mwalimu kubwa, Wanafunzi kubwa, Ubao kubwa. Nilidhani ndiyo adabu. Gervasi akasoma kimya, kisha akaweka kidole chake kwenye neno Cow.

"Huyu ni nani?"

"Ni ng'ombe, Mwalimu."

"Unamfahamu?"

"Hapana. Ni ng'ombe tu wa kuchora."

"Ana jina?"

"Hana."

"Basi mshushe."

Nilikuwa kijana na mdomo ulikuwa haujalala. Nikamwambia kwetu Muyama ng'ombe wa babu wana majina, kuna mmoja anaitwa Bihogo na akiitwa anaitika. Gervasi akakohoa kidogo, na baadaye ndipo nilipojua kwamba huko kukohoa ndiko kucheka kwake. "Vizuri. Bihogo mpandishe. Cow mshushe. Na uwafundishe watoto hivyohivyo."

Nimefundisha hivyohivyo mpaka nimestaafu. Mto uko chini, Malagarasi iko juu. Mji uko chini, Kibondo iko juu. Siku za wiki na miezi juu, majira ya mvua na kiangazi chini. Lugha zote juu, hata kama huipendi. "My mother" mama yuko chini, kwa sababu nimemtaja tu kwamba ninaye. Lakini nikimwita kama jina lake, bila hiyo "my", anapanda. Hapo watoto walikuwa wakilalamika, "Madam, mama huyohuyo?" Huyohuyo. Daktari akitajwa kwa kazi yake yuko chini, akitangulia jina lake yuko juu. Swali lilikuwa moja tu la kujiuliza: ni huyu hapa, au ni yeyote?

Hata mimi nilikuwa na shaka na jina langu. Naitwa Butoyi, na kwetu kila pacha wa pili ni Butoyi. Katika darasa langu la kwanza walikuwemo watatu. Nikamuuliza Gervasi, kama tuko wengi hivi, si tunashuka? Akasema, "Nikisimama mlangoni nikaita Butoyi, nani anageuka?" Nikajibu, wanne. "Na kila anayegeuka anajua ameitwa yeye. Panda juu, ukae."

Kuna tabia nyingine ya Gervasi ambayo ningeishika, nisingekuwa na la kuungama leo. Hakusahihisha daftari la mtu mwenyewe hayupo. Kamwe. Aliweka benchi kando ya meza yake chini ya dirisha, akamwita mtoto, akasahihisha mtoto akiwa amekaa ubavuni kwake, anaona kalamu inapokwenda. "Hapa ulitaka kusema nini?" anauliza kwanza, ndipo anaweka alama. Ilimchukua wiki mbili kumaliza kazi ambayo wengine tuliimaliza kwa jioni mbili. Mwalimu mkuu alinung'unika. Gervasi akanung'unika naye, kisha akaendelea.

Vifaa tulivyokuwa navyo ninyi watu wa vishikwambi hamtaamini. Ubao tuliupaka wenyewe kila muhula kwa mkaa wa betri zilizokufa uliotwangwa na majani ya viazi. Mikono inabaki myeusi siku tatu, na Jumapili unaficha mikono kanisani. Chaki tulikata vipande vitatu. Dasta lilikuwa soksi iliyojazwa matambara. Siku hizi simu inaweka herufi kubwa yenyewe, na wanafunzi wenu wanadhani kazi imekwisha. Simu haijui Bihogo ni nani.

Baadaye nilijiendeleza, nikaolewa Kasulu, nikahamia sekondari. Madarasa yalikuwa yamefurika. Benchi la Gervasi nikalisahau. Nani angeketi na watoto sabini mmoja mmoja? Madaftari niliyabeba nyumbani kwenye kiroba, nikayamwagia wino peke yangu mezani, nikayarudisha. Badala ya benchi nikabuni utaratibu wangu, na niliusifia sana, hata kwenye semina nilikuwa nausimulia bila kuombwa. Niliuita majina matano. Mwanafunzi anasimama mbele, anaandika ubaoni nomino tano za pekee, anazisoma kwa sauti: jina lake, kijiji chake, mto ulio karibu na kwao, siku aipendayo, na jina la mkubwa wa kaya anayoishi. Akimaliza anafuta mwenyewe. Aliyeandika ndiye anayefuta. Hiyo ilikuwa sheria, ili anayefuata asipoteze muda. Watoto walifurahi. Kumwandika baba ubaoni na kumsoma kwa sauti mbele ya mwalimu ni raha, hasa kama baba mwenyewe ni mkali.

Kwa muda nilifundisha pia mchana katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, walimu wasaidizi waliotoka Kongo. Watu wazima, wengine wamenizidi kusoma, ila wamesomea Kifaransa. Kulikuwa na mmoja, Maître Espoir, yaani Mwalimu Espoir, shati jeupe siku zote sijui alikuwa analifulia wapi. Yeye jina la ukoo aliliandika lote kwa herufi kubwa, mwanzo hadi mwisho, halafu lugha na siku akaziandika kwa ndogo. Nikamzungushia wino mwekundu ukurasa mzima. Akaja na daftari lake, taratibu.

"Madamu, kwetu lundi tunaiandikaka na lettre ya kidogo. Na français pia. Sikukosa, madamu. Ni vile tulifundishwaka."

Alikuwa sahihi, kwa kwao: Kifaransa huandika Jumatatu, na hata jina lake chenyewe, kwa herufi ndogo. Nikaona haya kidogo. Makosa ya watu wazima mara nyingi yamefundishwa na mwalimu mwingine, tena mzuri. Ningelitafakari hilo vizuri zaidi, lakini gari la kurudi Kasulu lilikuwa linapiga honi.

Sasa nifike kwa Yusta.

Mwaka juzi tulianzisha masomo ya jioni kwa watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Saa kumi mpaka saa kumi na mbili, darasa la mwisho karibu na choo. Yusta alikuwa na miaka kama ishirini na sita. Alikuwa amemaliza shule akafeli, akaolewa, akazaa wawili. Alitaka uuguzi. Sayansi alizifahamu, Kiingereza ndicho kilichokuwa kinamvuta shati. Alikaa dawati la mbele na daftari limefunikwa gazeti, na akikosea alikuwa anajipiga kiganja mwenyewe. Nilimpenda, niseme ukweli. Alikuwa ameolewa katika familia iliyotoka Burundi zamani, ambao sasa ni raia kama mimi na wewe, watu wa kulima na kuuza maharage, wa kanisani, wenye heshima zao.

Mtihani ulikuwa umebaki wiki tano. Nilikuwa narudia nomino, kwa hiyo nikaleta majina yangu matano. Yusta akasimama, akaandika jina lake, herufi safi. Kijiji. Mto. Jumapili. Kisha akaweka chaki chini.

"Bado moja," nikasema.

"Hilo siwezi, Madam."

"Huwezi kuliandika?"

"Mkubwa wa kaya yetu ni baba mkwe."

Ningeishia hapo. Mimi ni Muha, jamani! Kwetu mkamwana hataji jina la baba mkwe, halitamki wala halichezei. Mimi mwenyewe baba mkwe wangu nilimwita Baba mpaka siku tulipomzika, na wasifu wake msibani aliusoma shemeji yangu, mimi nimeinama. Nilijua kabisa. Lakini nilikuwa nimechoka, kulikuwa na wengine thelathini wanasubiri, na miaka mingi ya kusimama mbele ya ubao ilikuwa imenipa kiburi. Nikasema maneno ambayo bado yananichoma:

"Hapa hakuna mkwe. Hapa kuna nomino."

Wanaume wa nyuma wakacheka. Wanawake waliinama wakatazama madawati. Yusta alinitazama kwa muda, labda akitafuta kama natania. Kisha akachukua chaki akaandika lile jina. Hakulisoma. Nikamwambia alisome. Akalisoma kwa sauti ndogo sana. Halafu, kwa kuwa sheria yangu ni sheria, akachukua dasta akalifuta.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Siku ya tatu mwanafunzi mmoja, jirani yao, alinifuata baada ya kipindi.

"Madam, kwa akina Yusta kumechafuka. Mzee kaambiwa mukazana wake kamtaja mbele za watu, halafu kamfuta na tambara."

Mukazana ndiye mkamwana, kwa lugha yao. Nikauliza, "Na mtihani?"

"Hakuna mtihani. Mama mkwe kasema shule ndiyo iliyomfundisha utovu wa adabu, imetosha. Daftari wamelifungia kwenye sanduku."

Nilirudi nyumbani chai ikanishinda. Binti alikuwa amesubiri miaka mitano kuruhusiwa kurudi shule, na mimi nilikuwa nimemfungia mlango kwa kipande cha chaki. Akikosa mtihani ule, nani angemruhusu tena mwaka unaofuata? Nilifikiria kumtuma mratibu wa elimu wa kata, nikafikiria kuandika barua. Ndipo nikamkumbuka Gervasi na benchi lake. Nilikuwa nimelichezea jina la mtu mwenyewe hayupo.

Jumamosi asubuhi nikapanda bodaboda na kilo mbili za sukari. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta maharage. Alinikaribisha kwa kidevu, akaendelea kupepeta, vumbi likija upande wangu. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, Baba."

Kisu kinaendelea kuchonga. Mimi mwalimu wa miaka yote hiyo, nina wajukuu, shikamoo yangu ikabaki hewani mbele ya kuku. Nikakaa kwenye mkeka bila kuambiwa. Mzee akasema, bila kuinua macho:

"Wewe ndiye mwalimu wa kufuta watu?"

"Ndiye mimi, Baba. Kosa ni langu. Yusta alikataa, nikamlazimisha. Alifuta kwa sababu mimi nimeweka sheria ya kufuta. Nimekuja kuomba radhi kwako, siyo kwa mtu mwingine."

"Dasta lenyewe likoje?"

Sikutegemea swali hilo. "La matambara, Baba."

"Masafi?"

"Hapana," nikasema. Ningedanganya vipi?

Akamgeukia mkewe. "Umesikia? Hata kulifua hawajalifua." Mama mkwe akaguna. Mzee akaweka kisu chini, na ikawa kama amefungua mfuko aliokuwa ameubeba siku nyingi. "Mwalimu, mimi nimeandikwa sana. Tulipovuka mpaka, nikaandikwa. Tukaenda kupewa mahindi, nikaandikwa. Siku ya uraia nikaandikwa, tena na picha. Kila mara mtu ananiuliza jina, anaandika, anafunga daftari, anaondoka nalo. Mimi naweka dole gumba. Sijui kusoma. Sijawahi kuliona likikaa. Sasa nasikia mukazana wangu kaliweka ubaoni, kubwa, watu wote wanaliona, nikasema kumbe! Halafu naambiwa limefutwa."

Nilikuja nimejiandaa kwa hasira ya mila. Sikujua kwamba nyuma yake kulikuwa na hilo lingine. Machozi yakanijia, sikuyaficha.

"Likoje?" akauliza.

"Likoje nini, Baba?"

"Jina. Nionyeshe."

Nikapekua mkoba. Karatasi ipo, kalamu ipo, lakini kalamu yangu ni moja tu siku zote. Nilipoitoa akainua mkono. "Nyekundu hapana! Nyekundu ni ya makosa. Nimesomesha watoto, najua." Kwa mara ya kwanza mama mkwe akacheka, akaingia jikoni akatoka na kipande cha mkaa. "Andika pale," akasema mzee, akionyesha mlango wa mbao wa ghala la maharage. Yusta alikuwa amesimama nyuma ya jiko, ametupa kisogo, kama inavyotakiwa.

Nikaandika polepole, herufi moja moja. Mzee akasogea na kigoda chake mpaka karibu. Alilitazama kwa muda mrefu, akalifuata kwa kidole bila kuligusa.

"Hii ya kwanza mbona imezidi wenzake?"

Basi nikamfundisha, pale mlangoni pa ghala, somo nililofundisha maisha yangu yote. Nikamwambia kwa Kiingereza kitu cha kila mtu huanza na herufi ndogo, na kitu chenye jina lake huanza na kubwa, ili asomaye ajue kwamba hapa ametajwa huyu na si mwingine.

"Mzee?"

"Ndogo, Baba. Wazee ni wengi."

Akacheka. "Kweli, wengine hata wazee si wazee." Kisha akauliza, "Na mkimbizi?"

"Ndogo."

"Na raia?"

"Ndogo pia."

Alitikisa kichwa taratibu. "Nimekuwa vyote viwili," akasema. "Na jina?"

"Kubwa, Baba. Wakati wote huo lilikuwa kubwa."

Alitazama mlango mpaka nikadhani amenisahau. Mwishowe akasema Yusta atoe daftari kwenye sanduku, Jumatatu aende shule. "Lakini hilo la tano asilitaje. Litajwe na mwenyewe. Na wewe Mwalimu una faini." Nikamwambia nipo tayari. Nilidhani ni mbuzi. "Utakuja kila Jumamosi mpaka nijue kuliandika kwa mkono wangu."

Nilikuwa nimeshaaga, nimefika njiani, aliponiita. "Mwalimu!"

"Abee, Baba."

"Marahaba. Ile ya asubuhi."

Nikaenda Jumamosi tano. Nimefundisha wengi, lakini mwanafunzi mbishi kama yule sijapata. Mkono wake ulizoea jembe, kalamu aliishika kama anataka kuichimbia kitu, akavunja mbili. Alikataa kufuta. Kila alipokosea alianza ukurasa mpya, na madaftari yalikwisha upesi. Herufi ya kwanza aliipenda, akaifanya kubwa kupita kiasi, zilizofuata zikabanana pembeni hazina nafasi. Nikimwambia apunguze anasema, "Si umesema kubwa?" Yusta alikuwa anapita na ndoo, ananiangalia, anageuza uso acheke.

Nilimwekea benchi. Nataka mlijue hilo. Nilikaa ubavuni kwake, na kabla ya kusahihisha niliuliza, "Hapa ulitaka kuandika ipi?" Gervasi angekohoa sana siku hizo.

Shuleni nikabadilisha majina matano. Sasa jina la tano mwanafunzi analileta kutoka nyumbani kwa ruhusa ya mwenye jina. Anamuuliza kwanza: naweza kukuandika? Wengine wanarudi na jina la bibi, mmoja alirudi na jina la fundi baiskeli, mmoja mama yake alikataa katakata, na kukataa nako tukakuheshimu. Sheria ya kufuta nimeitupa. Na dasta lilifuliwa, kwa sabuni, nililifua mimi. Utaratibu huo mpya na dasta lenyewe vimo kwenye kabati lile lisilofunga, mkitaka kuvifuata.

Matokeo yalipotoka Yusta alikuwa amefaulu. Kiingereza alipata C, na hiyo C niliishangilia kuliko A za watu. Akaomba chuo cha uuguzi, akapata. Mwezi huohuo nikastaafu, ndiyo maana nilikuwa na muda alipokuja kuniomba nimsindikize kwa mtendaji wa kata. Fomu ya chuo ilitaka mdhamini asaini mbele ya mtendaji. Mume wake alikuwa amekwenda Munanila kununua maharage, na kwa vyovyote mwenye kaya alisema atasaini yeye.

Mzee alikuja amevaa koti. Foleni ilikuwa ndefu, joto limetanda, watu wanajipepea na vyeti vya kuzaliwa. Zamu yetu ilipofika, karani wa mtendaji, kijana mwenye haraka, alimtazama mzee mara moja, akasukuma kile kisahani cha wino wa bluu mbele yake.

"Mzee, dole gumba hapa."

Mzee akakisukuma kisahani kwa kidole kimoja mpaka kikarudi kilikotoka. "Kalamu," akasema.

Karani akanitazama mimi. Nikatazama dirishani. Akatoa kalamu.

Iliandikwa ile saini, jamani. Ilichukua muda ambao kwa kawaida wangeshahudumiwa watu wanne. Alikuwa anaitaja kila herufi chini kwa chini, na Yusta pembeni yake alikuwa ameelekeza uso ukutani, anasoma kalenda kwa bidii. Mtu nyuma yetu akaanza kulalamika, mwingine akamwambia nyamaza. Mzee alipomaliza aliinua kalamu juu kabisa, akaishikilia hapo.

"Mzee, herufi ya kwanza imetoka nje ya mstari," karani akasema.

"Iache."

Karani akaiacha. Akafungua daftari lake la kumbukumbu, akamgeukia Yusta bila kuinua kichwa. "Haya, wewe mwanafunzi. Jina la mdhamini?"

Yusta hakutaja. Aligeuka kutoka ukutani, akaweka kidole chake kwenye fomu, chini ya ile herufi kubwa iliyotoka nje ya mstari, na sauti yake haikuwa ndogo hata kidogo.

"Ameliandika mwenyewe hapo," akasema. "Lisome."